Kava za feni, rejeta na injini: zinafanya kazi gani na unazitoaje bila kuzivunja

Ukipita gareji yoyote hapa Nairobi, iwe Kirinyaga Road, iwe Kariobangi Light Industries ama ile ya mtaani kwenu chini ya mti, angalia kando ya ukuta utaona rundo la plastiki nyeusi. Hizo ni kava za magari za watu. Kava za chini ya injini, kava za juu ya rejeta (ile inayopoza maji ya injini), vipande vya kuzunguka feni, zingine zimepasuka, zingine bado nzima kabisa, na wenyewe walishaenda nyumbani bila kujua kuna kitu kimebaki. Fundi alizitoa ndio afikie mahali, klipu zikakatika, akaona kurudisha ni kazi, akamwambia mwenye gari "hii haina kazi boss, gari itaenda tu". Na kweli gari inaenda. Shida inakuja miezi mingine baadaye, na ikija hakuna mtu anakumbuka ile plastiki.

Mimi haya yamenipata. Nilipeleka Toyota Fielder yangu ibadilishwe rejeta, ile ya zamani ilikuwa imeanza kuvuja pale tangi la plastiki la juu linaposhikana na bati, na ikarudi safi haivuji hata tone. Lakini ikaja na tabia mpya. Asubuhi nikitoka mapema iko sawa, wikendi nikienda Thika ama Nakuru sindano ya temprecha haisongi, lakini ikifika saa moja jioni Jogoo Road, pale kutoka City Stadium magari yamebanana hayasongi, sindano inaanza kupanda polepole mpaka nazima AC, nafungua madirisha yote, nawasha hita nikiwa nimeloa jasho ndio ishuke kidogo. Wiki tatu ni hivyo. Fundi wa kwanza akabadilisha kifuniko cha rejeta, wa pili akatoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwa rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa kabisa, ambayo ni dawa mbaya sana juu sasa injini inachukua muda mrefu kupata moto, inakula mafuta na bado kwa jam inachemka vile vile.

Mzee mmoja wa Kariobangi ndiye aliyeiona, na hakushika hata spana. Aliniambia niwashe gari na AC ndio feni ishike, akachukua ukurasa mmoja wa gazeti la jana, akauweka mbele ya grili katikati. Ukashika, ukalala pale kama umegandishwa na gundi. Akausogeza kona ya juu kushoto, ukaanguka. Kona ya juu kulia, ukaanguka. Chini pia hivyo hivyo. Akaniambia, "Kijana, feni yako inavuta hewa ya nyuma." Tukaangalia kwa tochi, kumbe ile rejeta mpya ilikuwa nene kidogo kuliko ya kwanza, kava ya feni ikakataa kuingia, wakaikata kando zote mbili na msumeno halafu wakafunga feni na waya wa kujengea. Kati ya rejeta na kava kulikuwa na pengo la vidole vitatu. Nikatafuta kava nzima ya mtumba pamoja na feni zake na rejeta ya saizi yake, nikarudisha themostati, na tangu siku hiyo nikiwa kwa jam sindano inakaa mahali pake.

Sasa tuelewane hiyo kava ya feni inafanya nini, juu ukishaelewa hutakubali tena mtu aikate. Feni ni ya mviringo na rejeta ni ya pembe nne. Feni ikiwa peke yake inavuta hewa kupitia ule mviringo ulio mbele yake tu, kona zote za rejeta zinakaa bure na maji moto yanapita humo bila kupozwa. Alafu hewa ni kama maji, inafuata njia rahisi, na kujipenyeza katikati ya vile vibati vyembamba vya rejeta sio rahisi, kwa hivyo feni isiyo na kava inachukua ile hewa moto iliyo kando yake, inaizungusha kwenye ncha za mapanga, inaitupa nyuma, inairudia tena. Kava inafunga hiyo njia ya mkato. Inalazimisha kila pumzi ya feni ipite kwa rejeta yote, kona mpaka kona. Ukiwa kwa barabara kuu unapita 60 hivi upepo wa mbele unafanya hiyo kazi wenyewe, ndio maana gari isiyo na kava inafika Nakuru vizuri alafu inakuaibisha ukirudi mjini.

Na sisi wa Nairobi tuna sababu ingine ya kuchunga hii maneno. Tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji ya sufuria yanachemka karibu digrii 94, sio 100 kama Mombasa. Kile kifuniko cha rejeta kimeandikwa 0.9 ama 1.1 ndicho kinashikilia presha ndio kulanti, yale maji ya kupoza injini, isichemke mapema, lakini hewa yetu pia ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya pwani. Kwa hivyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Tena Vitz, Demio na gari ndogo nyingi za siku hizi hazina sindano, zina taa ya buluu na nyekundu tu, na ukiona nyekundu jua injini imeshapata moto kupita kiasi, silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini) iko hatarini.

Kwa zile gari feni inazungushwa na injini yenyewe, mfano Prado nyingi za dizeli, Hilux na Land Cruiser za zamani, kava imefungwa kwa rejeta lakini feni iko kwa injini, na injini inatikisika kwa mauntingi zake, vile vipira vinavyoishikilia kwa gari. Ndio maana utaona wameacha nafasi ya kama sentimita 2 kati ya ncha za mapanga na kava, na panga linakaa karibu nusu ndani ya kava na nusu nje. Ukisikia krrr ukikanyaga mafuta, ama ukute kava imeliwa upande mmoja, usikimbilie kununua kava mpya, angalia mauntingi kwanza. Kava zingine pia zina vipira kama masikio vinavyofunguka ukikimbia ndio upepo upite. Usivigandishe na gundi ukidhani vimelegea.

Kava ya chini ya injini ndio inadharauliwa zaidi na ndio inaumia zaidi kwa matuta. Kazi yake ni kuzuia maji, matope na mawe yasirushwe kwa belti, oltaneta na waya. Mvua ya Machi mpaka Mei ikianza usikie gari inalia kwii kwii asubuhi, mara nyingi ni belti imelowa juu chini kuko wazi. Lakini pia inaongoza hewa: hewa moto ikishapita kwa rejeta inatakiwa itoke chini kuelekea nyuma, na hiyo kava inasaidia isirudi mbele. Kuna watu wanatengenezewa bati ya chuma badala yake kwa sababu ya barabara mbovu, na mimi siwalaumu, mradi fundi ameacha matundu ya hewa na shimo la kumwagia oili. Ile ya kufunga bati nzima bila tundu ni kupika injini kwa sufuria.

Ile kava ya juu ya rejeta, hiyo ndefu unayoiona ukifungua boneti, inaziba pengo kati ya bampa na rejeta ndio hewa isipite juu yake, na chini yake na kandoni kuna vipande vya sponji. Hivyo vipande vya sponji usivitupe hata vikionekana vichafu, vina kazi moja na kava. Ya juu ya injini yenyewe, ile imeandikwa jina la injini, inapunguza kelele na kuzuia vumbi. Kwa maoni yangu ukilazimishwa kukosa moja, kosa hiyo, gari haitachemka kwa sababu yake. Ila angalia, kwa gari zingine za Kijerumani eya klina, ile ya kuchuja hewa ya injini, iko ndani ya hiyo kava, hapo huwezi endesha bila.

Haya, twende kwa kutoa.

Tafuta soketi ya 10 na ya 12, racheti na ekstensheni, bisibisi bapa ndogo na ya nyota, plaisi ya mdomo mrefu, tochi, beseni, na kipande cha katoni kubwa kama rejeta. Kwa kava ya chini ongeza jeki na stendi mbili za chuma, sio mawe, sio tofali, na hii nasema nikimaanisha, juu kuna watu wamekufa chini ya gari iliyowekwa kwa mawe. Gari iwe mahali tambarare, hendibreki juu, na injini iwe baridi kabisa, iache masaa mawili ama ufanye kazi kabla hujaiwasha. Kifuniko cha rejeta usiguse ikiwa moto. Toa waya wa negativu wa betri, spana ya 10 inatosha, kwa sababu feni za umeme kwa magari kadhaa zinaweza kujiwasha hata ukiwa umetoa ufunguo, na vidole havirudi. Alafu chukua simu upige picha kila kona kabla ya kugusa chochote. Hizo picha zitakuokoa jioni giza likiingia na umebaki na bolti mbili hujui za wapi.

Anza na kava ya juu ya injini. Kama ina nati zitoe, kama haina basi imekaa kwa vipira vya mviringo vilivyoshika vichwa vya chuma. Weka mkono chini ya kona moja uvute juu moja kwa moja mpaka usikie imeachia, alafu kona inayofuata. Usiichokoe na bisibisi na usivute kona moja mpaka ya pili ijikunje, hapo ndipo inapasuka. Tena asubuhi za Julai plastiki inakuwa ngumu kama biskuti, ngoja jua lipande kidogo.

Kava ya juu ya rejeta imeshikwa na klipu, na klipu ndio zinashinda watu wengi. Kuna aina tatu utakutana nazo. Ya kwanza ina kichwa kidogo katikati ambacho unakiinua na bisibisi bapa kikitokeza nusu, alafu klipu nzima inatoka kwa vidole. Ya pili inafanana na hiyo lakini haiinuliwi, hapo katikati unapabonyeza ndani kidogo, kama milimita 3, usikie tik, ndio unaitoa. Ya tatu ina alama ya nyota kama skrubu, unaizungusha polepole mpaka inatokeza, ukibonyeza sana inazunguka tu haitoki, kwa hivyo inua ukingo na kucha huku unazungusha. Kabla hujavuta kwa nguvu tazama ni ya aina gani. Kuivuta tu na plaisi ndio imejaza mjini gari ambazo kava zimefungwa na kamba. Ikikatika si mwisho wa dunia, klipu zinauzwa Kirinyaga Road kwa bei ndogo, nenda na moja ya mfano ulinganishe unene wa mguu, nunua 10 ziwe kwa gari.

Ya chini, pandisha gari kwa stendi, vaa miwani hata ya jua juu mchanga utakumwagikia machoni, na toa bolti za nyuma na za kando kwanza, acha mbili za mbele za mwisho ukishika kava na mkono mwingine. Bolti zenye kutu zipulizie oili ya kulegeza usubiri dakika 10, ukilazimisha inakatika ama ile nati ya ndani inaanza kuzunguka na bolti. Ziweke kwa mpangilio, zingine ni ndefu zingine fupi, ukichanganya unaweza toboa kitu.

Sasa kava ya feni. Kwa feni za umeme kama Fielder, Axio, Note na wengine, toa kwanza paipu ya hewa ya kuingia eya klina kama imepita juu. Chomoa soketi za waya za feni kwa kubonyeza kale kaulimi, usivute waya wenyewe. Fungua waya zilizobanwa kando ya kava na paipu ndogo ya kitangi cha kulanti, kwa gari zingine kama Forester kitangi chenyewe kimekaa kwa kava ya feni, kitoe kwanza. Gari za otomatiki angalia chini, paipu za oili ya gia zinaweza kuwa zimebanwa kwa kava: unabandua kibanio tu, paipu zenyewe usifungue. Alafu bolti za juu, mara nyingi ni 2 ama 4 za namba 10. Chini mara nyingi hakuna bolti, kuna ndimi zimeingia kwa mifuko, kwa hivyo kava inainuliwa juu wima. Hapo kabla ya kuinua teremsha ile katoni kati ya rejeta na kava. Panga la feni ama kona ya kava ikikwaruza rejeta inalaza vile vibati vyote, ama inatoboa kabisa, na kazi ya bure imekuwa ya rejeta mpya.

Kama paipu kubwa ya juu inazuia, usiilazimishe. Weka beseni, legeza kile kikoki cha plastiki chini ya rejeta kwa mkono, punguza kulanti ishuke chini ya usawa wa paipu, kama lita 2 hivi, ndio utoe paipu. Hiyo kulanti ni tamu na ni sumu, usiache beseni wazi mahali kuna watoto ama mbwa.

Zile za feni ya injini, legeza nati 4 za feni, za 10 ama 12, wakati belti bado imekaza, kwa sababu ukitoa belti kwanza puli inazunguka na wewe. Fungua pia bolti za kava, alafu feni na kava vinatoka pamoja, moja peke yake mara nyingi haipiti. Gari zingine zina nati moja kubwa badala ya 4, na hiyo kwa kadhaa inafunguka kinyume, hakikisha ya gari yako kabla ya kuweka nguvu. Ukishaitoa feni yenye klachi ya mafuta isimamishe vile ilivyokuwa kwa gari, usiilaze.

Ikiwa nje ndio wakati wa kuosha rejeta, maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, ndio wadudu na vumbi vitoke walikoingilia. Mashine ya kosha gari weka mbali. Zungusha feni kwa mkono, isiwe na mlio wala kucheza. Angalia nyufa. Ufa wa ukingoni unaweza kushonwa na wale mafundi wanaoshona bampa, watoboe katundu kadogo mwisho wa ufa ndio usiendelee, lakini ufa ukiwa kwa mikono inayoshika mota ya feni, hapo nunua ingine. Ukinunua ya mtumba beba ya zamani mkononi, na ulinganishe matundu ya bolti, soketi ya waya na jina la injini, kwa sababu gari moja kwa sura inaweza kuwa na injini mbili tofauti.

Kurudisha, ndimi za chini ziingie kwa mifuko kwanza, inama utazame na tochi, usikisie. Anza bolti zote kwa vidole alafu ukaze kidogo tu na racheti fupi, kwa sababu zinaingia kwa plastiki na ukizidisha ile nati ya shaba iliyo ndani inazunguka bure milele. Rudisha sponji zote. Kabla ya betri zungusha feni kwa mkono raundi nzima usikie kama inagusa popote. Kama ulimwaga kulanti jaza, washa gari kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa moto kabisa mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga.

Alafu washa AC, chukua ukurasa wa gazeti, ujaribu katikati na kona zote nne. Ukirushwa mbele badala ya kuvutwa, waya za feni zimebadilishwa na inazunguka kinyume. Ukianguka kona moja, rudi upande huo na tochi utafute pengo. Ukishika kote, teremsha boneti.